TUSIKUBALI KUTAWALIWA NA WOGA

Mazungumzo ya Mwenyekiti wa kikundi mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi



   

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama. Pili nawashukuru wanakamati wa maandalizi, hasa waliokesha na masufuria ya pilau, maana harufu yake naiona imeshaanza kuwatoa baadhi yenu kwenye mazungumzo yangu kabla sijaanza. Historia ya kikundi tangu 2015 imeandikwa na Katibu kwenye kijitabu mlichopewa mlangoni. Mahesabu atayasoma Mweka Hazina. Mimi nimeombwa niseme neno la kutujenga kiroho. Jamani, mimi si mhubiri. Elimu yangu ni darasa la saba na kazi yangu ni kuuza nazi na viungo. Kwa hiyo nitasema juu ya kitu ambacho nakifahamu bila kukisomea, nacho ni woga.

Hapa kwetu, kuanzia Mtaa wa Msimbazi mpaka Gerezani, mtu hahitaji kufundishwa kuogopa. Wenzetu waliokuwa wanakaa bondeni wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011. Maji ya mto Msimbazi yalibeba vitanda, yalibeba magodoro, yalibeba na watu. Baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande. Wapo humu ndani ambao mpaka leo mvua ikianza kunyesha usiku hawalali, wanakaa kitandani viatu vikiwa miguuni.

Halafu ukaja moto wa soko, usiku wa Jumamosi tarehe 10 Julai 2021. Soko lile Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975, mimi nikiwa sijaanza hata shule, na nimekua nikidhani kwamba jengo kama lile haliwezi kuguswa na kitu. Wenzetu watatu walikuwa na vizimba mle. Asubuhi ya Jumapili tulisimama nao barabarani tunaangalia moshi, na hakuna aliyekuwa na neno la kumwambia mwenzake.

Na tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa liliporomoka kule Mchikichi na Kongo watu wakiwa kazini. Waliopoteza maisha hawakupungua 29. Waokoaji walifanya kazi siku kadhaa, na baadhi ya waliofukiwa chini waliweza kuwasiliana na watu wa juu. Baada ya siku ile mwanachama wetu mmoja, ambaye stoo yake iko chini ya ghorofa, alikaa wiki tatu hajakanyaga kwenda kuchukua mzigo wake. Akifika mlangoni miguu inagoma.

Sasa mtu wa namna hii huwezi kumwambia kwamba hana imani. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia wengine wakisema, tena kwa sauti kubwa, eti Mkristo akiogopa ametenda dhambi. Si kweli. Bwana Yesu mwenyewe usiku ule wa Gethsemane alihuzunika, akatokwa na jasho, akawaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Hakuwaficha. Na wanafunzi kwenye mashua, katika Marko sura ya 4, baadhi yao walikuwa wavuvi wanaolijua ziwa lao. Walipoogopa dhoruba walikuwa wanaogopa kitu cha kweli, maji yalikuwa yanaingia chomboni. Walichofanya vizuri ni kwamba walikwenda kumwamsha. Hawakujikunja kila mmoja pembeni akisubiri kuzama peke yake.

Woga wa moto unakukimbiza, kwa hiyo una faida yake. Woga ninaotaka kuusema mimi ni ule unaomfanya mtu ajifungie. Huu ndio ulioua vikundi vingi hapa mjini, kuliko hata wezi.

Nitawapa mfano. Mwenyewe amenipa ruhusa nisimulie ila nisimtaje, na mkianza kugeuza shingo kutafuta ni nani nitaacha.

Mwaka 2023 mwenzetu mmoja muuza vyombo alikuwa na mkopo wa kikundi. Biashara ikayumba. Ilipofika wiki ya rejesho akaona haya kusimama mbele yetu mikono mitupu. Akaenda kwa hawa wakopeshaji tunaowaita kausha damu, akaacha kadi yake ya benki na namba ya siri, na cherehani ikaandikwa dhamana. Akaturejeshea marejesho mawili, sisi tukampigia makofi. Ile ya kausha damu ikaanza kumkaba, akakopa kwenye simu ili aitulize. Na mnajua za kwenye simu zilivyo. Ukichelewa siku moja wanaanza kuwatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yako, mpaka fundi bomba, mpaka mwalimu wa mtoto, kwamba wewe ni tapeli. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza hadharani orodha ndefu ya programu za simu zilizokuwa zinakopesha bila leseni, lakini wakati ule wa mwenzetu wengi tulikuwa hatujui hata kwamba leseni inahitajika.

Akaacha kuja kikaoni. Wiki ya kwanza tukasema anaumwa. Wiki ya tatu maneno yakaanza: amekimbia huyo, twende tukabebe friji. Maana na sisi tulikuwa na woga wetu. Wengi wetu kabla ya kikundi tulicheza upatu, na humu ndani wapo ambao kijumbe wao aliondoka na pesa za watu kumi na mbili siku ya zamu yao. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo anashtuka.

Tukatuma akina mama wawili. Mmoja ni bibi yetu mzaliwa wa Kariakoo, wa pili ni Mweka Hazina. Walipogonga, mtoto akajibu kwa ndani, "Mama hayupo." Bibi akasema, "Basi mjukuu wangu tutamsubiri, tuletee maji ya kunywa." Wakakaa barazani. Hawakugonga tena. Bibi akaanza kuhadithia habari za harusi, habari za bei ya mchele, anacheka mwenyewe. Saa nzima na zaidi. Mwisho mlango ukafunguliwa, mama wa watu akatoka na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi na ile simu, akaviweka mapajani mwa bibi na kukaa chini.

Sasa sikilizeni hili. Walipomuuliza anadaiwa kiasi gani, alisema kama milioni tatu hivi. Mweka Hazina akajumlisha mbele yake, karatasi moja baada ya nyingine. Kikundi 600,000. Kausha damu 850,000. Simu 420,000. Jumla shilingi 1,870,000. Ni nyingi, sikatai, kwa muuza vyombo ni nyingi sana. Lakini milioni tatu haikuwepo. Ile milioni na ushee ya juu ilikuwa ya woga. Miezi mitano mtu alilala na kuamka na deni ambalo hakuwahi kulijumlisha, kwa sababu kila akishika kalamu mkono ulitetemeka.

Ninapofika hapa huwa namkumbuka yule mjane wa 2 Wafalme sura ya 4. Mume wake alikuwa mcha Mungu, mtu wa kundi la manabii, akafa akaacha deni. Mdai anakuja kuchukua watoto wawili wakawe watumwa. Kausha damu ya zamani hiyo. Mwanamke yule akaenda kulia kwa Elisha. Elisha hakumwambia anyamaze, wala hakumuuliza kwa nini mume wake alikopa. Alimuuliza nyumbani ana nini. Mama akasema hana kitu. Kisha akaongeza kwamba ana mafuta kidogo tu kwenye chupa. Ndivyo tulivyo wanawake! Kwanza "sina kitu", halafu ukimvumilia kidogo unakuta kitu kipo.

Baadaye Elisha akamwagiza akaazime vyombo kwa majirani, tena vingi. Nimeisoma habari hii miaka mingi na macho yangu yalikuwa yanaenda kwenye muujiza wa mafuta. Siku hizi naona na hili la vyombo. Ukizunguka mtaa mzima unaazima ndoo na masufuria matupu, mtaa mzima utajua kwamba kwako kuna jambo. Watauliza, za nini? Yule mama ilimbidi apite kwenye aibu hiyo kwanza, mlango kwa mlango, ndipo mafuta yakamiminika. Na mafuta yalikoma pale vyombo vilipokwisha. Nafikiri angeona haya akaazima viwili tu, angepata mafuta ya vyombo viwili. Kisha akaambiwa auze, alipe deni, kinachobaki aishi yeye na wanawe. Hakuambiwa deni limefutwa.

Basi bibi yetu alimuuliza yule mwenzetu swali hilo hilo la Elisha, ingawa yeye ni Mwislamu na habari ya Elisha sijui kama anaijua: "Ndani una nini?" Akasema hakuna kitu. Wakaingia. Chini ya kitanda zilikuwepo katoni nne za sahani na vikombe, hazijafunguliwa. Alikuwa ameacha kwenda kutandaza Mtaa wa Kongo kwa kuogopa kukutana na wale wadai, ambao walikuwa wanamvizia pale. Mzigo upo, mteja yupo, katikati umekaa woga.

Katoni tulizigawana. Mama lishe wawili walinunua sahani za kazini kwao. Mmoja akapeleka Buguruni, mwingine Tandika. Mwezi mmoja na nusu zikapatikana 540,000. Tukaanza na deni la simu, maana ndilo lililokuwa linamchafua, likaisha lote. Iliyobaki ikaenda kwa kausha damu, akasindikizwa na watu watatu, na wakopeshaji hawa wakiona mtu amekuja na wenzake lugha yao hubadilika kidogo. La kikundi tulimsogezea muda kwa kura, na kura haikuwa ya wote, nisidanganye. Alichukua miezi kumi na minne kumaliza. Cherehani haikurudi. Ilishauzwa.

Sikuhadithia haya ili mseme kikundi ni kizuri. Nimehadithia kwa sababu watu wananiuliza, Mwenyekiti, kumtegemea Mungu maana yake nini, tufunge na kuomba? Tufunge na tuombe, ndiyo. Mimi binafsi nisipoomba alfajiri siwezi kutoka. Lakini sala ya mtu anayejificha chumbani mwake anamwambia Mungu "usiwaambie wenzangu" ni sala nusu. Mungu anajua deni lako tangu zamani. Hilo halihitaji ujasiri. Ujasiri unahitajika kumwambia Mweka Hazina.

Na wengine wametufundisha vibaya. Mtu anaambiwa asikiri neno baya, aseme tu "nakataa madeni". Mwanachama mmoja alisimama kikaoni akakataa deni lake kwa jina la Yesu, Katibu akamuuliza, "Sasa mama, niandike nini kwenye daftari?" Tulicheka siku ile mpaka machozi, na yeye akacheka. Lakini lipo ambalo halichekeshi. Wapo wanaowaambia akina mama wapande mbegu ya fedha ili milango ifunguke, na mama anakwenda kukopa fedha ya kupanda. Nasema mbele ya mchungaji na naona anatikisa kichwa kukubali: Mungu hajawahi kuhitaji mkopo wako. Yule mjane aliyetia senti mbili hekaluni alitoa zilizokuwa zake.

Woga mwingine unaotusumbua hapa sokoni ni wa chuma ulete. Mnacheka, lakini nani hapa hajawahi kufunga chumvi au ndimu kwenye kibeti? Basi, msinyooshe mikono.

Mwaka 2018 kikundi hiki kilibakia kidogo kivunjike kwa ajili hiyo. Mwenzetu muuza dagaa aliona kila jioni fedha hazifiki. Anauza vizuri, watu wanajaa, akihesabu usiku elfu ishirini haipo. Akaanza kumtazama jirani yake wa meza, ambaye naye alikuwa mwanachama. Sababu ni kwamba kila asubuhi jirani ndiye mteja wake wa kwanza, na analipa kwa noti ya elfu moja iliyochakaa. Kutazama kukawa kunong'ona. Kunong'ona kukawa makundi mawili. Ikafika mahali watu wanakataa hisa zao kuwekwa kwenye sanduku moja na za yule jirani, eti atazivuta. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu tofauti, na bado watu wazima wanaogopa noti itoke yenyewe!

Tuliamua kitu kimoja. Kwa wiki mbili muuza dagaa aandike kila kinachoingia na kinachotoka, hata shilingi mia, na binti yake wa kidato cha pili amsaidie. Ushuru, nauli, vocha, chai ya vijana wa mkokoteni, fungu alilompa shemeji. Na kubwa kuliko yote, dagaa wa mkopo kwa wateja wake wa kila siku, ambao alikuwa anawapa kwa mdomo tu na kuwasahau. Wiki mbili zilipokwisha ile elfu ishirini ilionekana karibu yote, ikiwa imeandikwa kwa mwandiko wa mtoto.

Aliomba radhi kikaoni, akalia. Lakini yule aliyesingiziwa hakurudi kwenye kikundi. Tulimfuata mara tatu. Alitupokea vizuri, akatupa soda, akasema, "Nimewasamehe, ila siwezi kukaa pale tena watu wakiniangalia mikono." Nimemwalika na leo. Sijamwona.

Ndiyo maana nasema woga si jambo la mtu na moyo wake tu. Unakula na wa jirani. Paulo alipomwandikia kijana wake Timotheo alimkumbusha kwamba woga hautoki kwa Mungu, na kwamba kinachotoka kwa Mungu ni nguvu, na upendo, na kiasi. Wahubiri wengi huishia kwenye nguvu. Ukiwaendea kwa semina ya siku tatu utasikia nguvu siku zote tatu. Mimi mfanyabiashara ndogondogo ninakipenda hicho cha mwisho, kiasi. Daftari la yule binti lilikuwa kiasi. Woga haupendi vipimo. Unasema "zote zimeibwa", "wote wananichukia", "mimi siku zote hushindwa". Ukiuliza ngapi? nani? lini? unaanza kupungua.

Wenzangu Waislamu mnivumilie nikisema sana Biblia, ndicho kitabu nilicholelewa nacho. Bibi yetu aliwahi kunieleza kwamba nanyi mna neno tawakali, na kwamba Mtume aliulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza. Nikamwambia bibi, basi kufuli zetu tatu ndiyo kamba ya ngamia.

Naomba niguse na habari ya talanta, Mathayo 25, kwa sababu inatuhusu sisi wa sanduku moja kwa moja. Yule mtumishi wa tatu aliyefukia alichopewa, alipoulizwa sababu, alisema aliogopa. Hakula fedha ya bwana wake. Hakucheza kamari. Aliogopa tu, akachimba shimo. Na mchungaji alitufundisha kwamba talanta moja ilikuwa fedha nyingi, karibu mshahara wa kibarua wa miaka ishirini. Kwa hiyo tusiseme alifukia kwa kuwa alipewa kidogo. Wanawake wa mjini hapa tumefukia sana. Chini ya godoro, kwenye ndoo ya unga, kwenye pindo la kanga. Nyumba ya mwanachama wetu mmoja ilipoungua kule Magomeni aliokoa watoto wote, ashukuriwe Mungu, na kanga yenye akiba ya miaka miwili ikaungua. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba ipo, kwa hiyo hakukuwa hata na mtu wa kumpa pole.

Ilipokuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ikasemwa vikundi viandikishwe, woga ule wa shimo ukarudi kwa nguvu. Tukiandikishwa TRA watatufuata. Tukiandikishwa Serikali itachukua sanduku. Wanachama wawili walitoka kwa sababu hiyo. Tulimwita Afisa Maendeleo ya Jamii, akakaa nasi jioni nzima kwenye mkeka, akajibu swali moja moja, mengine ya ajabu kabisa, hakuchoka. Tukaandikishwa. Sanduku lipo, mnaliona pale. Tulipopata cheti tukaweza hata kufikiria ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurudishwa 2024. Kikundi kilikaa kikapiga hesabu, kikaamua kwa sasa tusikope. Kutokukopa huko si woga, maana hesabu zipo ukutani na kila mtu alizisoma. Mwakani tunaweza kuamua vingine.

Kwa upande wa mawazo mabaya, yaani yale ya kujidharau na kujikatia tamaa, nitasema kwa kifupi kwa sababu naona mgeni rasmi anaangalia saa. Nabii Eliya alikimbia jangwani, akakaa chini ya mti, akaomba afe. Huyu ni yule yule aliyeshusha moto mlimani sura moja nyuma. Mungu hakumtumia mahubiri. Alimtuma malaika na mkate na maji, akala, akalala, akaamshwa tena akala. Ndipo wakazungumza. Akina mama, sisi tunaamka saa tisa usiku kuwahi mzigo, tunalala saa tano, tunakunywa chai ya rangi mpaka jioni. Halafu tunashangaa mbona moyo mzito, mbona nahisi kama nimelogwa. Mwenzako akianza kusema maneno ya kukata tamaa, kabla hujamfungulia Biblia muulize, umekula? Umelala? Ana homa? Na kama miezi inapita hacheki, halali, anaongea habari za kutaka kufa, msimwache na maombi peke yake, mpelekeni hospitali. Madaktari nao ni wa Mungu.

Na wewe unayesema "mimi la saba, siwezi kuwa Katibu", nikutazame vizuri. Mwenyekiti wako ni la saba. Mwanzoni mahesabu yalikuwa yanasomwa na mtu mmoja aliyesoma sekondari, sisi tunatikisa vichwa tu. Tangu 2017 yanasomwa kwa zamu, kila kikao mtu mwingine. Wapo waliokuwa wanatetemeka mpaka karatasi inapiga kelele. Mmoja alikuwa hajui kusoma kabisa, zamu yake ilipofika akaomba asomewe kimyakimya usiku wa kuamkia kikao, akakariri tarakimu zote kichwani, akasimama akazitaja bila kukosea hata moja. Sasa hivi anasoma. Alifundishwa na mjukuu wake wa darasa la tatu, na ada ya mwalimu ilikuwa ni maandazi.

Mimi bado naogopa mambo mengi. Naogopa moto. Naogopa kupita chini ya majengo yanayochimbwa. Naogopa siku ya kugawana mwisho wa mzunguko, fedha zote zikiwa mezani na dirisha liko wazi. Kila mwaka siku hiyo naomba sala moja fupi, halafu naenda kuhesabu wenye funguo kama wapo watatu.

Mwanachama aliyekuwa haendi stoo kwake baada ya ghorofa kuanguka, tulikwenda naye wanne. Tulimuuliza mwenye nyumba maswali juu ya nguzo na juu ya ule ufa wa ngazini. Majibu yake hayakuturidhisha, kwa hiyo mzigo tuliutoa siku hiyo hiyo, tukauhamishia stoo nyingine Mtaa wa Sikukuu. Kodi ya huko ni kubwa zaidi na analalamika kila mwezi, ila mzigo anaufuata mwenyewe.

Sasa namwita Mweka Hazina aje asome mahesabu ya mwaka wa kumi. Wenye funguo tatu wasogee mbele, sanduku lifunguliwe hadharani. Pilau itatoka mahesabu yakishakubaliwa.